Gari Lisiloandikwa Kitu

Siku Bwana Risiti alipokwenda kununua gari, alimtaka mkewe avae viatu virefu. Mama Pacha akamuuliza kama gari lenyewe linanunuliwa kwa miguu. Mumewe alikuwa mbele ya kioo cha kabati, anafanya mazoezi ya kuingia dukani: anasimama hivi, anatia mkono mfukoni hivi, anainua nyusi moja kama mtu aliyekwisha kumiliki magari mpaka yamemkinai. Mtu mzima huyo, baba wa mapacha walioko shule ya bweni, mnunuzi mkuu wa kiwanda cha magodoro. Ungemwona ungecheka, halafu ungesikitika, halafu ungecheka tena.

Jina la Risiti alipewa na wafanyakazi, na hawakumpa kwa mapenzi. Ukimletea uzi, risiti. Ukimletea gundi, risiti. Mpishi wa chai ya kiwandani aliwahi kurudishwa dukani mvua inanyesha, akafuate kikaratasi cha sukari. Wauza vitambaa walikuwa wamemjaribu kwa bahasha, kwa simu mpya, kwa safari za kwenda kukagua viwanda ambavyo havipo. Vyote alivirudisha, tena kwa kejeli, na mleta bahasha aliondoka akijiona mdogo kama sisimizi.

Mama Pacha alilipenda jina hilo kuliko hata jina la mumewe la kuzaliwa. Kasoro za mwanaume huyu alikuwa anazijua. Alikoroma. Hakujua kusifu. Alidharau watu asubuhi, mchana na jioni: mwenye kaptura anadharauliwa, mwenye suti ya mtumba anadharauliwa, mwenye suti mpya anaulizwa nani kamkopesha. Lakini hakuwa mwizi. Na Mama Pacha, ambaye baba yake mzazi alifukuzwa kazi kwa kuiba, tena aliiba kweli, alikuwa amesoma shule nzima akiitwa mtoto wa mwizi. Aliapa kwamba wanawe hawatalisikia neno hilo. Alipokuja kuposwa na watu watatu, akamchagua huyu anayekoroma.

Basi wakaingia dukani. Sakafu inang'aa mpaka unaona soksi zako, kiyoyozi kinapuliza, maua ya plastiki kila kona. Muuzaji alikuwa kijana mwenye viatu vilivyochongoka na meno mengi. Alimtazama Bwana Risiti mara moja tu, saa, mkanda, kola, akajua kila kitu alichohitaji kujua. Akaanza kumvika kilemba cha ukoka.

"Bosi, wewe sikuonyeshi yale ya pale," alisema, akipuuza kwa mkono safu ya magari ya kawaida kama mtu anayefukuza kuku. "Yale ni ya kubebea watu. Wewe unahitaji gari la kuendesha."

Bwana Risiti akaguna kidogo, kwa kuridhika. Aliyapita magari ya kawaida bila kuyatazama, likiwemo moja linalofanana kabisa na lile lililowaleta pale, ambalo lilikuwa limewafikisha kila walikokwenda kwa miaka mingi bila kuomba sifa.

Gari aliloonyeshwa lilikuwa jeusi, dogo, limeinama mbele kama linanusa njia. Kampuni hiyo ilitengeneza magari ya wakubwa wa dunia, na hili lilikuwa kitinda mimba wake, lililozaliwa ili na sisi wengine tuweze kusema tuna undugu na familia ile. Tena lilikuwa la aina mbili. Moja lilikuwa na injini kubwa yenye nguvu, na bei yake ungejenga nyumba ukaweka na uzio. La pili lilikuwa na injini ndogo, na hilo benki ingeweza kukusaidia kama ulikuwa tayari kuisikiliza benki mpaka uzeeni. Bodi ni ile ile. Sura ni ile ile. Kilichotofautisha ni maandishi kwenye buti, na kile kilichomo chini ya boneti, ambacho hakuna anayekiona.

"Sisi tunachukua ndogo," alisema Mama Pacha.

"Na ndiyo ya watu wenye akili," alisema muuzaji haraka. "Nguvu zote zile utazipeleka wapi na matuta haya? Lakini bosi, hili dogo tunaweza kulivalisha kimichezo. Limeshushwa chini, rimu kubwa, breki zenye rangi nyekundu, viti vimeshonwa kwa uzi mwekundu, bawa dogo pale nyuma. Mabomba manne ya moshi."

Mama Pacha aliinama akayatazama mabomba. Mawili yalikuwa yamezibwa kwa ndani, kabisa, kama macho ya mwanasesere.

"Haya mawili yanatoa nini?"

"Hayo ni ya muonekano, mama."

"Na ukibonyeza hapa," muuzaji akaendelea, akiwa ameshaingia ndani na kumwacha mama na maswali yake, "linanguruma." Akabonyeza. Ndani ya gari kukanguruma kweli, mngurumo mzito wa kutisha watoto.

"Ni injini hiyo?"

"Ni spika. Injini yenyewe imetulia."

"Yaani mmeliwekea gari kanda ya gari jingine," alisema Mama Pacha.

Mumewe alimkata jicho. Alikuwa ameshakaa kwenye usukani, amekamata vidude vya kubadilishia gia vilivyoko nyuma yake, midomo ameibana kwa furaha anayojaribu kuificha. Mama Pacha akajaribu kiti cha nyuma. Magoti yakamsalimia kidevu. Akafikiria wanawe, ambao walikuwa wamerefuka mwaka ule kama mabua ya mtama, akaona labda wangeweza kupakiwa mmoja mmoja, kwa zamu.

Hapo ndipo muuzaji alipoinama kwenye dirisha na kushusha sauti. "Na maandishi ya nyuma, bosi, tunaweza kuyaondoa. Wateja wengi wa daraja lako hawapendi gari linalopiga kelele."

"Ondoa," alisema Bwana Risiti kabla sentensi haijaisha.

"Kelele gani?" aliuliza Mama Pacha kutoka huko nyuma. "Limeandikwa kuwa ni dogo. Mnaliondolea lisiseme kuwa ni dogo."

Muuzaji akakuta kitu cha kutazama sakafuni. Bwana Risiti, bila kugeuka, akasema mke wake ana utani sana. Na huyu ndiye mtu aliyemrudisha mpishi kwenye mvua kwa ajili ya kikaratasi cha sukari! Siku ile alisaini kulipia gari liwe dogo, akasaini tena kulipia lisijulikane, na wala hakuona kichekesho.

Wiki iliyofuata alirudi kutoka kazini amechangamka kuliko siku ya ndoa. Hata viatu hakuvua. Akamsimulia mkewe mezani jinsi msaidizi wake alivyolizunguka gari, kalizunguka, kachungulia nyuma akitafuta maandishi, hakuyaona.

"Akaniuliza, mkuu, hili ndilo lile lenyewe? Lile la nguvu?"

"Ukamwambia nini?"

"Sikumwambia kitu. Nikacheka kidogo tu. Nikamwambia, kijana, tembeza macho."

"Kwa nini hukumwambia ni dogo?"

"Nimesema uongo wapi? Nimenyamaza." Akamega mkate. "Ungemwona mhasibu mkuu. Yule mama mwenye gari lililofungwa kioo kwa gundi ya karatasi. Alipita kama hakuona, lakini aliona. Aliona mpaka basi."

Mama Pacha alifanya kazi mapokezi kwenye kliniki ya macho. Kila siku watu wazima walisimama mbele ya ubao wa herufi na kuzibahatisha, kwa sababu waliona haya kuvaa miwani. Wengine walizikariri kutoka kwa aliyetangulia. Alikuwa amewazoea, na aliwadharau kwa upole, kama mtu anavyomdharau mtoto anayejificha nyuma ya pazia miguu ikiwa nje. Sasa mmoja wao alikuwa amekaa mezani kwake anakula mkate wake.

Haukupita muda, akaja kliniki mshonaji mmoja wa kiwanda kile, mama mnene mchangamfu, macho yamechoka kwa miaka ya kushona foronya na magodoro. Alipomwona Mama Pacha akaegemea meza kama wanajuana tangu utoto.

"Hongera, wifi. Tumefurahi jamani."

"Hongera ya nini?"

"Ah, usinifiche. Macho yetu mabovu lakini gari tunaliona." Akacheka, akampiga kidogo mkononi. "Sisi tulishakata tamaa. Tulidhani huyu baba atazikwa na risiti zake. Kumbe naye alikuwa anasubiri meza inone. Wacha ale. Wenzake wameanza zamani."

Na hakuwa anatukana. Hilo ndilo lililomkata Mama Pacha maini. Mama yule alikuwa anampongeza kwa moyo mweupe, kama unavyompongeza mtu aliyepata mtoto baada ya kungoja. Mama Pacha akampa namba yake, akamwonyesha kiti. Alikuwa amelisikia tena lile neno la shuleni, safari hii limevalishwa nguo ya arusi.

Jioni hiyo hakungoja mezani. Alimkuta mumewe uani anapangusa rimu kwa shati lake mwenyewe la zamani.

"Baba Pacha, kiwandani wanasema unaiba."

Bwana Risiti aliacha kupangusa. Mama Pacha alitegemea hasira. Alitegemea kuona lile joto la zamani lililowatimua wenye bahasha. Badala yake mumewe akatabasamu, si sana, upande mmoja tu wa mdomo, akarudi kwenye rimu yake.

"Watu wana maneno," alisema.

"Waambie ni dogo. Neno moja tu, yaishe."

"Mimi nimwambie nani? Nimshike mfagiaji mkono nimweleze ukubwa wa injini yangu?" Akasimama, akarudi nyuma kidogo kulitazama gari. "Na hata hivyo wanapungukiwa nini wakifikiria hivyo?"

Alimwogopa mumewe jioni ile kwa mara ya kwanza. Hakuwahi kumwogopa alipokuwa mkali.

Maneno yakafika juu. Mwenye kiwanda, mzee wanayemwita Tajiri, alikuwa mtu wa taratibu zake. Mnunuzi wake na mhasibu wake hakuwaajiri bila kuwaona na wenzi wao wa ndoa, na hakuwaachisha bila kuwaona na wenzi wao, kwa sababu, alisema, mtu wa kushika mali huajiriwa na nyumba yake nzima. Alianza maisha na cherehani moja na pamba ya kuokota, na hadi leo alivaa sweta lenye kiraka. Basi akawaita wote wawili, asubuhi, ofisini kwake.

Ofisi ilikuwa juu ya chumba cha kukatia sponji. Sakafu ilitetemeka kidogo kila mashine ilipopita, na harufu ya gundi ilipanda kupitia mbao. Tajiri alikaa nyuma ya meza iliyojaa vipande vya kitambaa vya mfano. Pembeni walikaa mhasibu mkuu na yule msaidizi, kila mmoja akitazama mikono yake. Nje ya dirisha, uwanjani, gari jeusi lilimeremeta katikati ya malori.

"Mama, karibu," Tajiri alimwambia Mama Pacha kwanza. Kisha akamgeukia mumewe. "Mwanangu, nitasema wazi. Mkwe wangu aliniletea picha ya gari kama hilo. Akaniambia na bei yake. Nikamwambia anunue kwanza kiwanda." Akatulia. "Mshahara wako naujua, nalipa mimi. Nimepitia manunuzi yako yote na huyu mama hapa. Hatukuona hata pini iliyopinda. Na hicho ndicho kinanitisha. Mwizi mjinga nitamkamata. Mwizi asiyeonekana nitamweza wapi?"

Bwana Risiti alinyoosha tai.

"Sitaki karatasi," Tajiri akaendelea, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba. "Karatasi nimezichoka. Nataka neno lako. Umelipataje? Ukiniambia, nitaamini."

Neno lilikuwa fupi. Hata mtoto wa chekechea angelitamka. Mama Pacha aliona macho ya mumewe yakienda kwa mhasibu mwenye kioo cha gundi, yakaenda kwa msaidizi, yakarudi mezani.

"Kila mtu ana mipango yake, Mzee."

"Ipi?"

"Ni mambo ya binafsi."

Msaidizi alipandisha nyusi. Mhasibu, ambaye miaka yote alikuwa akimtetea Bwana Risiti kwa watu ijapokuwa alijua anavyodharauliwa naye, alifunga macho.

Mama Pacha akapiga moyo konde. Alijua anachokwenda kufanya hakina kusamehewa. Lakini mtu aliyechekwa, alijiambia, hula chakula cha usiku kama kawaida. Aliyeitwa mwizi hata maji humkwama.

"Mzee, ni dogo," alisema.

Wote wakamtazama.

"Gari lile si lile la mkwe wako. Ni lile dogo. Injini yake ndiyo ndogo kuliko zote wanazouza pale. Tumelikopea benki, na tutalilipa mpaka watoto waote mvi. Mume wangu alitoa maandishi ya nyuma watu wasijue. Mabomba yale mawili yamezibwa. Ule mngurumo ni wa spika." Kila alichokitaja kilimuuma, akaendelea kutaja. "Hajaiba. Hajui hata kuiba. Ana majivuno tu, Mzee, na majivuno hayajaibiwa kwako."

Msaidizi alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi. Mhasibu aliziba mdomo kwa mkono, lakini macho yake yalikuwa yamelowa kwa afueni. Na Tajiri, mzee wa watu, uso wote ulimlegea. Alianza hata kutabasamu.

"Kweli, mwanangu?" alisema. "Ni hivyo tu?"

Masikio ya Bwana Risiti yalikuwa yamewaka. Mama Pacha alimwombea kimya kimya, kama anavyowaombea wale wa ubao wa herufi: sema sioni, baba, sema tu sioni, utapewa miwani uende nyumbani.

Bwana Risiti alifunga kifungo cha koti.

"Mke wangu, Mzee," alisema, "hajui magari."

Mama Pacha alihisi kama ameondolewa kiti. Miaka yote ya ndoa alikuwa amemwona mwanaume huyu akidharau dunia nzima, akadhani mlangoni kwao dharau inavua viatu. Kumbe na yeye alikuwa kwenye foleni, zamu yake ilikuwa haijafika.

Tajiri alikuwa bado ameshika tabasamu lake, hajui alipeleke wapi. "Tushuke basi," alisema taratibu. "Tufungue boneti, tutazame wote."

"Sina sababu ya kupekuliwa."

"Hakuna anayekupekua. Ninakutafutia njia."

"Nimeshasema, Mzee. Ni mambo yangu."

Mzee alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya sweta, akaivaa tena. Alipozungumza hakuwa na hasira. Alizungumza kama anayekataa kitambaa kilichooza, baada ya kukishika vizuri pande zote.

"Sitashuka kutazama," alisema. "Mkeo namwamini. Lakini sikiliza. Kama umeniibia, sikutaki. Na kama hukuniibia, ila umeona bora uitwe mwizi kuliko kuonekana una gari dogo, basi wewe sikutaki zaidi. Mwizi hutaka mali yangu, naweza kuifungia. Wewe sijui nikufungie nini." Akamgeukia Mama Pacha. "Nisamehe, mama. Wewe umefanya lako."

Mhasibu alisimama akamshika Mama Pacha mkono mpaka kwenye ngazi.

Habari zilikuwa zimeshawatangulia kushuka, sijui zilipitia wapi, labda kwenye nyufa za mbao pamoja na harufu ya gundi. Washonaji walikuwa wamesimama madirishani. Wapakiaji wameacha magodoro. Bwana Risiti alivuka uwanja taratibu, mkono mmoja mfukoni, nyusi moja juu. Watu wakampisha. Mlinzi alikimbia kufungua lango pande zote mbili, akapiga saluti na kusema, "Safari njema, bosi." Bosi! Mtu aliyelinda senti za kiwanda kile kama mboni ya jicho hakuwahi kuitwa bosi hata siku moja. Ameitwa siku aliyotoka na jina la mwizi.

Waliendesha mpaka barabara kuu.

"Umewaona?" alisema Bwana Risiti.

"Nimewaona."

"Hakuna aliyecheka."

Mama Pacha alimtazama. Alikuwa amekaa wima kwenye kiti chake cha uzi mwekundu, hana kazi, na uso wake ulikuwa na amani. Ndiyo, amani. Angelikuwa analia, mkewe angemshika bega na wangeanza upya hata kwa kuuza maandazi. Kwa mtu anayelia kuna mahali pa kumshika.

"Baba Pacha," alisema, "watoto wakiulizwa shuleni baba yao aliiba nini, wajibu nini?"

Mbele taa ilikuwa nyekundu. Bwana Risiti alisimamisha gari, akalifikiria swali kwa makini, kwa haki kabisa, huku akirekebisha kioo cha katikati.

"Wasijibu," alisema. "Wawaache watu wafikirie wenyewe."

Mama Pacha akafungua mlango akashuka hapo hapo barabarani, na hakumwambia anakwenda wapi.